Uzi: Ssemujju Nganda na ulimi wake bungeni, watu wanacheka halafu wanasahau alichosema

Ndugu zangu, Bunge letu la 11 la Uganda (2021 hadi 2026) lilikuwa likikaa tu zinasambaa klipu za Mheshimiwa Ibrahim Ssemujju Nganda, mbunge wa upinzani wa Manispaa ya Kira, sekunde 30 hivi, ukumbi unacheka, mawaziri wanacheka, watu wanaweka emoji za machozi ya kicheko wanapita zao. Mimi jambo hili linaniudhi na leo nimeamua kuliandikia. Huyu mtu si mchekeshaji. Ukimsikiliza kuanzia anaposimama hadi maikrofoni inapozimwa utaona kicheko ni kipande kidogo tu cha kazi anayofanya, na kile kipande kizito ndicho wanaokata klipu wanakitupa.

Nisiwazungushe. Nguvu ya Ssemujju iko kwenye karatasi. Anachukua karatasi ya serikali yenyewe, iwe makadirio ya bajeti, iwe ripoti ya kamati, iwe taarifa ya waziri, anawasomea walioiandika, anataja kiasi cha pesa na kilichoandikwa mbele yake, kisha anauliza swali rahisi ambalo hata mama anayeuza nyanya soko la Arua angeuliza. Hapigi kelele. Hatafuti Kiingereza cha kuvunja meno. Na usoni hacheki, wanaocheka ni wengine, yeye anangoja wamalize anaendelea na mstari unaofuata.

Hilo la kukaza uso mnaliona dogo lakini ni ufundi mkubwa. Mtu akicheka utani wake mwenyewe waziri keshapata pa kutokea, atasema mheshimiwa alikuwa anatania, tuendelee. Sasa kama msemaji amekaza uso na karatasi iko mkononi, waziri atasema nini? Amebakiwa na mambo mawili, ajibu hoja au atafute mtu wa kusimama na hoja ya nidhamu. Na wenyewe mnaona linalofuata mara nyingi ni lipi.

Hapo kwenye hoja ya nidhamu naomba tusimame kidogo maana ndipo watu wengi hawaangalii. Mbunge wa kawaida anapewa dakika zake 2 au 3. Anaanza, anashukuru Spika, anafika kwenye fungu la Ikulu, ametaja tarakimu ya kwanza, huku upande wa pili mtu kashainuka, "hoja ya nidhamu Mheshimiwa Spika", eti mwenzetu amemtaja Rais bila heshima inayostahili, basi Spika anatoa uamuzi, mbunge anaambiwa arekebishe kauli, saa inatembea. Wengi hapo ndo wanapotea, wanapandwa na hasira, wanaanza kubishana na Spika, dakika zinaisha na lile la pesa halikusemwa, kwa hiyo aliyeinuka amefanikiwa hata kama uamuzi haukumpa ushindi. Ssemujju mara nyingi haingii huo mtego, anarekebisha kwa sentensi fupi na anarudi palepale kwenye tarakimu aliyoiacha. Mimi hilo namheshimu nalo kuliko utani wake wote.

Na lile la kumtaja Rais kwa cheo cha jeshi, Jenerali Museveni, ambalo upinzani wetu wengi wanalo, msidhani ni utovu wa adabu tu. Ni hoja nzima imebanwa ndani ya jina, kwamba tumetawaliwa tangu 1986 na watu walioingia kwa bunduki na bado bunduki ipo mezani. Upande wa serikali wanalielewa vizuri sana ndo maana wanainuka haraka.

Tusisahau alikotoka. Ssemujju ni mwandishi wa habari, alikuwa Monitor, halafu mwaka 2004 yeye na wenzake wakatoka wakaanzisha gazeti la Weekly Observer, akawa anaandika siasa na makala yake mwenyewe. Bungeni aliingia 2011 kwa Kyadondo Mashariki, 2016 akahamia Manispaa ya Kira (kile kiti cha Kyadondo Mashariki ndicho mwanamuziki Bobi Wine alikuja kukichukua kwenye uchaguzi mdogo wa 2017). Mwandishi wa habari anajua msomaji akichoka mstari wa kwanza hafiki wa pili, kwa hiyo anakupa kwanza nani, pesa ngapi, zimeenda wapi. Wanasheria wetu bungeni wanaanza na ibara, ibara ndogo, aya, tafsiri ya mahakama, na wakifika kwenye jambo lenyewe muda umekwisha. Tena Ssemujju anaongea jinsi mtu anavyoandika makala, kisa kifupi, tarakimu, swali, kakaa chini.

Halafu kuna hesabu ambayo lazima tuiseme. Uchaguzi wa 2021 ulitupa bunge la watu 529, NRM ya Rais 336, vyama vya upinzani NUP ya Bobi Wine 57, FDC 32, DP 9, UPC 9, wasio na chama 74 ambao wengi wao ukiwaangalia kwenye kura unajua wako wapi, na wawakilishi wa jeshi 10. Upinzani ukijumlisha wote haufiki hata robo. Kwa hiyo ukisema Ssemujju ameshindwa kwa sababu hajawahi kubadilisha kura, unamlaumu kwa kitu ambacho hakiwezekani. Hawasemeshi wale walio mbele yake. Anasemesha sisi tulio nje na anasemesha Hansadi, ile kumbukumbu rasmi ya kila neno linalosemwa bungeni.

Nitaendelea, bando inaniruhusu leo.

*

Nimerudi. Kuna mdau ameuliza swali zuri, kwamba mbali na Ikulu na familia ya Rais huyu mheshimiwa anazungumzia nini. Mzee wangu, anazungumzia bajeti ya nyongeza mpaka watu wanachoka, na hapo ndipo alipo hodari zaidi, shida ni kwamba bajeti ya nyongeza haikatiki klipu nzuri.

Tuelezane polepole kwa wasiofuatilia. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2015 inasema bunge liwe limepitisha bajeti kufikia tarehe 31 Mei, mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Sawa. Sasa miezi michache tu baadaye Wizara ya Fedha inarudi bungeni, tunaomba nyongeza, mambo ya dharura yamejitokeza. Sheria hiyo hiyo inaruhusu serikali kutumia nyongeza hadi asilimia 3 ya bajeti bila kwanza kuomba ruhusa ya bunge, ruhusa inakuja baadaye pesa zikiwa zimeshaliwa. Bajeti ya 2024/25 ilivuka trilioni 72. Asilimia 3 yake pigeni wenyewe, ni zaidi ya trilioni 2. Dharura za trilioni 2! Na ukisoma orodha unakuta vitu ambavyo mtu yeyote angejua Mei kwamba Desemba vitahitajika, mishahara, safari, magari, fedha za siri za usalama.

Mnakumbuka mabati ya Karamoja, yale yaliyonunuliwa kwa ajili ya wanyonge wa kule yakaishia kwenye nyumba za wakubwa, hadi mawaziri wakafikishwa mahakamani 2023? Zile pesa zilipita mlango huo huo wa bajeti ya nyongeza. Kelele tulizipiga mabati yalipoonekana kwenye mapaa, lakini mjadala wa kuzipitisha ulikuwa wa siku ya kawaida na wabunge wachache ukumbini.

Sasa kazi ya Ssemujju na wenzake, mfano Muwanga Kivumbi, mbunge wa Butambala kwenye Bunge la 11, ni kuandika ripoti ya wachache. Kamati ikimaliza kazi walio wengi wanaandika ripoti yao, wasiokubaliana wanaruhusiwa kuandika ya kwao, inasomwa ukumbini, inashindwa kura, basi. Lakini imesomwa. Imo. Baada ya miaka mitano mwandishi, mkaguzi, wakili au mtoto wa chuo akifungua Hansadi atakuta siku fulani mtu alisimama akasema hizi pesa haziko sawa na akasema kwa nini. Msikilizeni Ssemujju anaposoma ripoti ya wachache mtaelewa kwa nini namtetea hivi. Ripoti zile ni jedwali tupu, mafungu na namba za kasma, angeweza kuzisoma kama karani na watu wakalala. Yeye anachukua mstari mmoja, anauweka karibu na mstari mwingine, kiasi cha kitu kinachomgusa raia na kiasi cha kitu kinachomgusa mkubwa, ananyamaza kidogo. Haongezi sifa, haongezi matusi. Zile tarakimu mbili zikikaa pamoja zinajisemea.

Chukueni Lubowa. Machi 2019 bunge lilikubali serikali itoe hati za ahadi ya malipo za dola milioni 379 kwa hospitali ya rufaa ya kimataifa pale Lubowa, kwa shilingi ni kama trilioni 1.4. Sababu ilikuwa nzuri kuisikia, tuache kupeleka wagonjwa India na Nairobi. Upinzani wakauliza maswali ya aina hii hii ya mwandishi wa habari, mwekezaji ni nani, amewahi kujenga hospitali wapi, na kwa nini serikali ndiyo ibebe deni wakati hospitali ni yake yeye. Maswali rahisi kabisa. Leo tunazungumza miaka imepita na hakuna mgonjwa aliyelazwa pale. Mimi nilipoieleza habari hii hapa stejini kwetu kwa Kiswahili, kijana mmoja wa boda akauliza tu, "sasa hizo pesa tunalipa sisi?" Nikamwambia ndiyo, ni mimi na wewe na huyo anayekaanga chapati. Akanyamaza. Kwa hiyo wanaosema wananchi hawaelewi mambo ya bajeti wakome, wananchi wanaelewa wakielezwa na mtu anayetaka waelewe.

*

Dada wa Kasese ameandika hapo juu kwamba Joel Ssenyonyi ni bora zaidi kwa sababu ana nidhamu na ushahidi, Ssemujju ana mdomo tu. Dada, kwa heshima zote, unalinganisha kazi mbili tofauti.

Ssenyonyi ni mwanasheria na alikuwa mtangazaji wa habari NTV, na jina lake lilipanda sana akiwa mwenyekiti wa COSASE, kamati inayokagua mashirika ya umma, hasa mwaka 2022 walipokaa na wakubwa wa Uganda Airlines. Pale mtindo wake ulifaa mno, swali fupi, sauti ya chini, "jibu ndiyo au hapana", anasubiri, shahidi anaanza kutoa jasho. Lakini kamatini aliyeitwa amekaa mbele yako na karatasi zake na analazimika kujibu. Ukumbini mambo ni mengine kabisa, waziri anaweza kukuambia tutaleta taarifa wiki ijayo, wiki ijayo haifiki, au waziri mwenyewe hayupo na kiti chake kitupu. Swali la kumbana mtu linahitaji mtu wa kumbana. Ndo maana tangu awe Kiongozi wa Upinzani Bungeni Januari 2024 Ssenyonyi amelazimika kubadilika, sasa anasema marefu zaidi, anarudia madai ambayo serikali iliahidi na haikutekeleza, na kusema kweli anaendelea kukua. Ninampenda. Ila kwenye ukumbi mtupu wenye mawaziri wanaochezea simu, Ssemujju anawafanya wainue vichwa, na hilo si jambo dogo.

Na Mathias Mpuuga je, aliyekuwa Kiongozi wa Upinzani kabla ya Ssenyonyi? Mnanijua simkwepi. Kwa usemi wa mpangilio, Bunge la 11 halikuwa na mtu wa kumfikia. Aliwahi kuwa waziri wa vijana Mengo, yaani kwenye serikali ya ufalme wa Buganda, aliongoza wanaharakati wa maandamano ya kutembea kwenda kazini 2011, ana ile sauti ya mwalimu ambaye hana haraka. Oktoba 2023 alipowatoa wabunge wa upinzani nje kwa ajili ya wafuasi waliopotea mikononi mwa vyombo vya usalama, maneno aliyoyasema yalikuwa mazito na hakuna hata moja lililopotea. Kisha mwanzoni mwa 2024 ikatoka kwamba Tume ya Bunge ilikuwa imejigawia marupurupu ya utumishi mwaka 2022, yeye milioni 500, makamishna wengine watatu milioni 400 kila mmoja. Yeye anashikilia kwamba ilikuwa halali na ilifuata taratibu, na mimi sina haja ya kumhukumu hapa. Ninachosema kinahusu usemi. Kuanzia siku ile kila mpinzani aliyesimama kuzungumzia ubadhirifu alijibiwa kwa maneno mawili tu, milioni mia tano. Hayo majibu hayakuwa hoja lakini yalifanya kazi. Msemaji wa pesa za umma anapimwa kwa mfuko wake kabla ya sentensi zake, na Waganda wakishakushika hapo hata useme kwa ufasaha wa namna gani wanakusikia nusu.

*

Sasa mzee wetu mmoja hapa ameleta la zamani, anasema wabunge wa siku hizi hawajui kuongea, enzi za Bunge la 6 (1996 hadi 2001) ndo kulikuwa na wasemaji. Mzee shikamoo, nakubali nusu, na hiyo nusu nyingine nataka tuijadili maana kwangu ndiyo kiini cha uzi huu.

Ni kweli tulikuwa na Ken Lukyamuzi wa Lubaga Kusini, "The Man" mwenyewe, anayesimama kama yuko jukwaani, maneno makubwa, mikono hewani, mazingira na shirikisho la Buganda. Tulikuwa na Aggrey Awori wa Samia Bugwe, alijua historia ya nchi hii na hakuogopa mtu. Tulikuwa na Cecilia Ogwal, Mungu amrehemu, alitutoka Januari 2024, mama akikohoa tu ukumbi unatulia, alikuwa anakemea mawaziri kama mama anavyokemea mtoto wa jirani, bila chuki lakini huwezi kumjibu. Na Kassiano Wadri wetu wa huku West Nile, aliyewahi kuwa kiranja wa upinzani, mtu wa kanuni, ambaye Agosti 2018 wananchi wa Arua walimpigia kura akiwa kizuizini akashinda.

Lakini angalieni kilichokuwa kinawezekana wakati ule. Bunge la 6 halikuwa na vyama, ulikuwa mfumo wa Movement, kila mbunge amesimama kwa jina lake. Kwa hiyo hotuba nzuri ingeweza kweli kumgeuza mtu aliyekaa kando yako. Bunge lile lilimpigia kura ya kutokuwa na imani Jim Muhwezi mwaka 1998, likamfuata Sam Kutesa 1999, mawaziri wazito wa serikali, na Rais hakulipenda jambo hilo hata kidogo. Msemaji wa wakati ule alikuwa anashawishi. Ikaja kura ya maoni ya 2005, vyama vikarudi, uchaguzi wa 2006 ukafanyika kwa vyama, na ajabu yake ni kwamba vyama ambavyo tulivililia ndivyo vilivyoua mjadala. Sasa jambo linaamuliwa kwenye kokasi ya NRM, yaani kikao cha wabunge wa chama peke yao, wakati mwingine huko kwenye chuo cha uongozi cha Kyankwanzi, wabunge wakija ukumbini wanakuja kutimiza walichokubaliana. Unaweza kuongea kama malaika, mkono utainuka kule kule ulikopangwa kuinuka.

Ndo maana nasema mtindo wa Ssemujju haukuzuka tu kutokana na tabia yake. Umezaliwa na bunge la namna hii. Kama huwezi kushawishi, utafanya nini? Utafanya yale maneno yawe mepesi kubebwa nje ya ukumbi. Utayafanya mafupi, utayatia kisa, utayafunga na tarakimu ambayo mtu anaweza kuikumbuka akiwa kwenye taksi ya kwenda Ntinda, na utahakikisha tarakimu yenyewe imetoka kwa serikali ili asije mtu kusema umeitunga. Ule utani unaoupenda ni wa kusafirishia mzigo. Lukyamuzi akipewa dakika 3 za leo na kokasi ya leo nina hakika angechanganyikiwa, na Ssemujju akipelekwa Bunge la 6 labda angekuwa msemaji wa aina nyingine kabisa, wa kubembeleza zaidi.

*

Kuna vijana hapa wamekasirika, wanasema maneno ya nini, hawa watu wangesimama wapigane, au wasusie kabisa waondoke. Nawaelewa. Siwezi kumwambia mtu asikasirike. Septemba 2017 kwenye mjadala wa kuondoa ukomo wa umri wa Rais tuliona sote kwenye televisheni, viti vinarushwa, Spika Kadaga amesimamisha wabunge 25, halafu askari wa kikosi maalum wanaingia ndani ya ukumbi wa bunge kuwatoa wabunge kwa nguvu. Betty Nambooze alitoka pale ameumizwa mgongo akapelekwa India kutibiwa. Novemba 2024 tena kwenye muswada wa kahawa, wa kuvunja UCDA, mamlaka ya kuendeleza kahawa, na kuipeleka wizarani, ngumi, polisi, wabunge wamefungiwa nje. Mei 2025 muswada wa UPDF, jeshi letu, wa kuwarudisha raia kwenye mahakama za kijeshi, miezi minne tu baada ya Mahakama ya Juu kusema ni kinyume cha katiba.

Yote matatu yalipita. Nasema kwa uchungu. Lakini angalieni tofauti. Kwenye lile la umri kulikuwa na waliobaki wakasema, wakasema wee, Desemba ile, hoja zao zimo kwenye kumbukumbu pamoja na malalamiko ya namna muswada ulivyoendeshwa. Kesi ilipofika Mahakama ya Katiba iliyokaa Mbale, Julai 2018, mambo ya humo bungeni, nani alisema nini, kifungu kipi kiliingizwa lini, yalikuwa sehemu ya ubishi wenyewe. Ukomo wa umri haukurudi, majaji wanne kwa mmoja. Ila kile kipengele ambacho wabunge walijiongezea muda kutoka miaka 5 hadi 7 kilifutwa na majaji wote. Tungekuwa na wabunge wa miaka 7 leo! Ndo maana siku upinzani unapotoka nje bila mtu hata mmoja kubaki na kusoma hoja zao nakosa raha, hata kama sababu ya kutoka ni ya haki kabisa. Jaji hasomi kiti kilichoachwa wazi.

*

Mmeniuliza kama Ssemujju hana kasoro. Anazo, na nazisema kwa sababu nataka awe bora. Kwanza, orodha ya ndugu wa Rais anairudia mno. Ni kweli mke ni waziri wa elimu, mtoto ni mkuu wa majeshi tangu Machi 2024, kaka yuko na Operesheni ya kuondoa umaskini, hakuna asiyejua. Lakini kitu kikirudiwa kila mjadala sikio linazoea, na hatari yake ni kwamba siku ana jambo jipya kabisa watu wanadhani ni ile ile. Pili, mifano yake mingi ni ya Kampala na Wakiso. Barabara za Kira, hospitali ya Mulago, KCCA ambayo ni mamlaka ya jiji la Kampala. Mtu wa Koboko au Adjumani au Kotido akimsikiliza anasikia ugomvi wa wakubwa wa mji. Angechukua fungu moja la bajeti akaliweka karibu na barabara ya huku kwetu au na shule ambayo watoto wa wakimbizi na wa wenyeji wanabanana darasa moja, angepata wasikilizaji ambao hajui kama wapo.

La tatu ni la bunge zima, si lake peke yake, lugha. Mjadala wote ni Kiingereza. Huyu mtu anasema kwa Kiingereza chepesi kuliko wenzake wote na bado wazee wanaokaa hapa stejini jioni, askari wastaafu wengi wao, wanaoongea Kiswahili, Kilugbara na Kikakwa, hawapati kitu mpaka mtu awatafsirie. Mimi huwa nafanya hivyo, nashika simu, naweka laivu ya bunge, nawaambia amesema hivi, huyu amejibu hivi. Na nawaambieni utani wa Ssemujju nusu unapotea njiani, lakini zile tarakimu na lile swali la mwisho havipotei, vinafika vizima, na mzee anatikisa kichwa, anauliza waziri alijibu nini. Mara nyingi jibu langu ni kwamba hajajibu. Katiba yetu ilirekebishwa 2005 Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili, baraza la mawaziri likapitisha tena maamuzi ya kukiendeleza Julai 2022, kifundishwe shuleni na kadhalika, lakini bungeni wenyewe hawajaanza. Siku mbunge wa upinzani atakaposoma ripoti ya wachache kwa Kiswahili safi, hata ukurasa mmoja tu wa mwisho, mtaona redio zote za mpakani kutoka Busia hadi Bwera hadi Koboko zitakavyoirusha.

Sasa naomba wadau wa Bweyogerere, Kireka, Namugongo, nyinyi ndo mliompigia kura. Akija kwenye mikutano yenu akaongea Kiganda, anashika karatasi vile vile, au kule anakuwa mtu mwingine? Nauliza kwa sababu sijawahi kumsikia akiwa kwake, na kama kuna mwenye rekodi nzima, isiyokatwa, ya yeye akisoma ripoti ya wachache juu ya bajeti ya nyongeza yoyote ile, aiweke hapa nitakaa niitafsiri yote kwa Kiswahili, mstari kwa mstari, tuijadili pamoja.